Upepo wa Kurudi

Kila siku baada ya masomo, wanafunzi wengine walikwenda nyumbani, lakini msichana aliyeitwa Kikokotoo alikwenda kiwanja cha ndege. Usidhani kilikuwa kiwanja chenye kuta za vioo na maduka ya manukato. Kilikuwa njia moja ya changarawe iliyonyooka katikati ya nyasi, soksi ya upepo iliyochanika ncha, yaani mfuko wa kitambaa wa kuonyesha upepo unakovuma, na chumba kimoja cha paa la bati. Ndani ya chumba hicho mlikuwa na meza, mzani wa mizigo, redio ya kuongea na marubani, na mama yake Kikokotoo. Mama huyo alikuwa mkata tiketi, mpima mizigo, mpokea redio na mfagiaji, wote hao wakiwa mtu mmoja.

Jina la Kikokotoo alipewa darasani. Mwalimu wa hesabu akimaliza kuandika swali ubaoni, yeye tayari alikuwa amepata jibu na ameanza kuwatazama wenzake kwa huruma. Jibu halikumuudhi mtu. Huruma ile ndiyo iliyowaudhi.

Ndege iliyokuja pale ilikuwa moja tu, ndogo, ya viti vichache. Asubuhi iliruka kwenda kiwanja kingine kidogo upande wa pili wa milima, nacho kilikuwa mbali na kila kitu kama hiki, kisha alasiri ikarudi. Kwa gari safari hiyo ilikula siku nzima, kwa sababu barabara ililazimika kuizunguka milima yote, mfano wa mwanafunzi anayemkwepa mwalimu wa zamu. Kwa ndege ilikuwa kilomita mia moja na themanini, moja kwa moja.

Shida ya kiwanja hiki ilikuwa ng'ombe. Njia yao ya kwenda bwawani ilikata njia ya ndege kule mwisho kabisa, na ng'ombe mwenye kiu hajui ratiba ya mtu. Kwa hiyo kulikuwa na mlinzi, mtu wa makamo, mwembamba, mcheshi, ambaye siku zote alivaa kipenga shingoni. Watu wazima walimwita Kipenga na watoto walimwita Mjomba Kipenga.

Utaratibu ulikuwa huu. Rubani akiruka kule ng'ambo, alitoa taarifa kwa redio. Hapo mtu alipanda baiskeli kwenda kumwambia Kipenga, maana kule mwisho simu haikushika mtandao. Kipenga alipopata habari, alishusha mti mrefu kuifunga njia ya ng'ombe, akapuliza kipenga, akawafukuza waliokwisha kuingia. Hakuifunga mapema zaidi ya hapo. Aliwahi kujaribu, na wachungaji walimjia juu mpaka akakosa pa kujificha. Zamani mama ndiye aliyepanda baiskeli. Siku hizi kazi zilikuwa zimemzidi, akawa anamtuma binti yake.

Jumamosi moja Kikokotoo alikuwa pale tangu asubuhi, akifanya kazi ya shule pembeni mwa mzani. Aliiona ndege ikiruka. Baada ya saa nzima, sauti ya rubani ikakoroma redioni kwamba wametua salama. Kikokotoo, kama kawaida yake, alilitia hilo kichwani: kwenda, saa nzima.

Alasiri upepo ulichachamaa. Soksi ya upepo ilinyooka mpaka ule mchaniko wake ukawa unapiga kelele. Mama alikuwa akiwapimia abiria wa Jumatatu mizigo redio ilipolia. Alisikiliza, akajibu, kisha akageuka.

"Imeruka. Nenda kamwambie mjomba wako afunge njia. Usisimame popote, mwanangu."

"Sawa, mama."

Njia ya baiskeli ilipita kando ya uwanja wa shule. Pale wasichana wa darasa lake walikuwa wakiruka kamba, na jirani yake wa dawati alikuwa amehesabiwa mara nyingi mno bila kukosea, jambo ambalo Kikokotoo hakuweza kulipita hivihivi. Akafunga breki, mguu mmoja chini.

"Njoo ujaribu kunifikia," jirani yake alimwita. "Au unaogopa?"

"Nina kazi. Ndege imesharuka kule."

"Sasa imeruka kule, wewe hapa unakimbilia nini? Itafika lini?"

Hilo lilikuwa swali la hesabu, na Kikokotoo hakujua kuliacha swali la hesabu lipite na njia. Alishuka, akaokota kijiti, akachora vituo viwili mavumbini na mstari katikati yake.

"Asubuhi ilikwenda kwa saa nzima," alisema kwa sauti ya mwalimu. "Umbali ni uleule. Ndege ni ileile. Kwa hiyo itarudi kwa saa nzima. Nikicheza hapa nusu saa, bado nitafika kabla yake na Mjomba atakuwa na muda wa kutosha."

Hakuna aliyembishia. Nani angebishana na Kikokotoo?

Akaegemeza baiskeli kwenye uzio, akaingia kwenye kamba. Aliruka vizuri siku hiyo, akahesabiwa mpaka wenzake wakachoka kuhesabu, na alipokosea aliomba zamu nyingine. Alikuwa hewani, miguu yote juu, aliposikia mngurumo. Alipotua, kamba ilimnasa vifundoni. Ndege ilikuwa imekwisha kuvuka milima na inashuka.

Aliikimbilia baiskeli huku akijua hatafika. Kule mwisho ng'ombe walikuwa wametapakaa mpaka katikati ya njia ya ndege, wengine wamesimama kabisa, wameugeuzia upepo migongo. Kipenga kilianza kulia, kikalia mfululizo bila pumzi. Ndege ikashuka mpaka vumbi likaanza kutimka, halafu ikanyanyuka ghafla na kupita juu ya migongo ya ng'ombe, ikazunguka. Mara ya pili rubani aliwaruka wanyama na kutua mbele yao, lakini njia iliyobaki ilikuwa fupi. Ndege ilipitiliza mwisho wa changarawe, ikaingia kwenye nyasi, gurudumu la mbele likazama mtaroni na kuvunjika. Kikokotoo akaitupa baiskeli, akakimbilia kule.

Mlango ulifunguka. Abiria wakatoka mmoja mmoja, wakitetemeka. Muuguzi aliyekuja na masanduku ya chanjo alikuwa ameteguka mkono. Rubani, mwanamke mrefu mwenye sauti kavu, alikuwa na jeraha juu ya jicho na damu ikimchuruzika shavuni. Wengine wote walikuwa wazima.

"Nilitoa taarifa nilipokuwa naruka," rubani alisema. "Nani alipaswa kufunga njia?"

Kipenga alikuja anahema. "Ni mimi. Lakini sikuletewa habari."

Mama naye alikuwa amefika mbio, kanga ikiburuzika chini. "Nilimtuma mtoto palepale uliposema umeruka." Akamgeukia binti yake. "Hukumwambia mjomba wako?"

Kikokotoo alitazama lile jeraha. Alitaka kusema kweli, na hapana shaka angeisema kama watu wote wale wasingekuwa wanamtazama. Badala yake uongo ulimponyoka, mfupi na mwepesi.

"Nilimwambia."

Kipenga alifungua mdomo. Alimtazama msichana, akamtazama mama yake, akamtazama msichana tena. Kisha mabega yake yakashuka.

"Basi huenda alikuja," alisema polepole. "Siku hizi nasahausahau. Nitakuwa nimesahau."

Jioni ileile amri ilikuja kwa redio kutoka ofisi kuu. Mlinzi akae nyumbani mpaka mkaguzi afike Jumanne, na kipenga akiache ofisini. Kipenga alikivua shingoni mwenyewe, akakipangusa kwa shati, akakitundika kwenye msumari juu ya mzani. Alipokuwa akitoka alimpita Kikokotoo mlangoni.

"Haya, injinia," alisema. Siku zote alimwita hivyo. Safari hii hakucheka.

Jumapili Kikokotoo alifua sare zake, akafua na za mdogo wake bila kuambiwa, akasugua masufuria mpaka mama akamuuliza kama anaumwa. Alisema haumwi. Kila alipokaa kimya aliiona ile sura ya Kipenga ikimtazama, na mabega yale yakishuka. Afadhali angemgombeza. Afadhali angemwita mwongo mbele ya watu, kwa sababu hapo angekuwa na kitu cha kukasirikia. Sasa hakuwa na wa kumkasirikia isipokuwa yeye mwenyewe, na hilo lilimchosha kuliko kufua.

Alijaribu kujitetea kimoyomoyo. Hesabu yangu ilikuwa sahihi, alijiambia. Rubani ndiye aliyekosea, labda alisahau kutoa taarifa kwa wakati. Alilishika wazo hilo kwa mikono miwili mpaka Jumatatu.

Jumatatu mwalimu wa hesabu aliingia darasani na mgeni. Alikuwa yuleyule rubani, bandeji juu ya jicho. Ndege yake ilisubiri gurudumu jipya, naye hakuwa na la kufanya, basi mwalimu alimwomba aje awaeleze wanafunzi habari za umbali na muda. Kikokotoo alijikunyata nyuma ya jirani yake, bure.

Rubani alichora vituo viwili ubaoni na mstari katikati. Ulikuwa mchoro uleule wa mavumbini.

"Kutoka hapa hadi kule kwa ndege ni kilomita mia moja na themanini," alisema. "Jumamosi nilikwenda kwa saa nzima. Je, kurudi nilitumia muda gani?"

"Saa nzima!" darasa zima liliitikia.

"Kuna anayefikiri tofauti? Wewe, uliyejificha. Nasikia wewe ndiye bingwa."

Kikokotoo alisimama. "Saa nzima," alisema kwa sauti ndogo.

"Ukipanda baiskeli upepo ukikupiga usoni, inakuwaje?"

"Inakuwa nzito."

"Na ukikusukuma mgongoni?"

Rubani hakungoja jibu, alimwita ubaoni na kumpa chaki.

"Mwendo wa ndege yangu ni kilomita mia mbili na arobaini kwa saa, kama hakuna upepo," rubani aliendelea. "Jumamosi upepo ulikuwa wa kilomita sitini kwa saa. Kwenda, ulinipinga. Toa sitini, zinabaki mia moja na themanini, ndiyo ile saa nzima yenu. Kurudi ulinisukuma. Jumlisha sitini, ni mia tatu. Sasa gawanya."

Kikokotoo aligawanya. Mkono uliandika wenyewe ubaoni: dakika thelathini na sita. Alilitazama jibu hilo, na lile wazo alilolishika kwa mikono miwili likamtoka. Rubani hakukosea. Taarifa haikuchelewa. Angekwenda moja kwa moja, njia ingefungwa.

"Ndiyo maana kiwanjani kwetu hatukisii," rubani alisema. "Ndege ikiruka tu, habari inapelekwa papo hapo. Jumamosi ilikawia mahali. Yule mlinzi amesema alisahau. Kesho mkaguzi anakuja, na kwa kosa kama hilo sidhani kama atamwacha kazini. Namhurumia, maana ameniomba radhi mara ngapi sijui, na ana watoto wanaomtegemea."

Chaki ilianguka, ikavunjika. Wenzake walicheka kidogo. Jirani yake wa dawati hakucheka. Alikuwa ameinamisha kichwa, na Kikokotoo alielewa kwamba naye alikuwa anaikumbuka ile kamba.

Jioni alimkuta mama jikoni anamenya viazi. Alisimama mlangoni, akaondoka, akarudi. Mara ya tatu mama aliweka kisu chini.

"Ama ingia, ama toka. Unaniingizia nzi."

"Mama, sikumwambia Mjomba Kipenga." Aliposema hivyo machozi yalimshinda, na mengine yote yakatoka yamefuatana: kamba, kijiti, nusu saa, mngurumo. "Nilidhani nina muda. Halafu nikaogopa, nikasema nilimwambia. Yeye hakusahau chochote."

Mama hakupiga kelele. Kikokotoo angependa apige. Mama alikaa juu ya kigoda na kutazama viazi, na uso wake ulikuwa umezeeka ghafla.

"Unajua kesho wataniuliza nini?" alisema hatimaye. "Wataniuliza kazi ya kupeleka taarifa ni ya nani."

"Ya nani?"

"Ni yangu. Imeandikwa hivyo. Mimi nilikupa kwa sababu nilichoka, na kwa sababu ulikuwa hujawahi kuniangusha."

Sasa Kikokotoo alizidi kuchanganyikiwa. Hakuwa amelifikiria hilo. Aliona kwamba kumwokoa Kipenga kungemtia mama yake matatani, na kwa muda mfupi, wa aibu kabisa, alitamani angenyamaza. "Basi tusiseme, mama. Wakikufukuza?"

Mama alisukuma viazi kando. "Vaa viatu," alisema.

Walimkuta Kipenga nje ya nyumba yake, anashona kiti cha kamba kilichokatika. Alikuwa amekishona vibaya, na alionekana kulijua hilo.

"Shikamoo, mjomba," Kikokotoo alisema.

"Marahaba, injinia. Mbona mmekuja kama watu wa msiba?"

Akamweleza yote, amesimama, bila kuegemea kwa mama. Kipenga alisikiliza, uzi umening'inia mkononi.

"Nilijua," alisema. "Ningekusahau vipi na hiyo baiskeli yako inayopiga kelele kuliko mimi?"

"Sasa kwa nini ulisema umesahau?"

"Ningeshikilia kwamba hukuja, wangeuliza kwa nini alitumwa mtoto. Mama yako angeingia matatani, na yeye peke yake ndiye anayewalea. Nikaona heri yanikute mimi." Aliweka sindano chini. "Lakini nisikufiche. Iliniuma. Kufukuzwa ningekuzoea. Wewe kunitazama usoni na kusema hivyo, hilo lilinikosesha usingizi."

Kikokotoo alipiga magoti palepale vumbini. "Nisamehe, mjomba."

"Nimekusamehe. Inuka, unachafua sare." Akamgeukia mama. "Lakini wewe, kesho nyamaza. Mimi nimeshajitwika."

"Hapana," mama alisema. "Ulijitwika mzigo wetu. Kesho utautua."

Jumanne mkaguzi alifika kwa gari, amechoka, viatu vyote vumbi, baada ya kuizunguka milima siku nzima. Alikaa kwenye kiti pekee cha ofisi. Kikokotoo alisema ya kwake kwanza. Sauti ilimtetemeka lakini hakuacha neno, hata lile la kuomba zamu nyingine ya kamba. Mama alisema ya kwake. Rubani alisimama mlangoni, amekunja mikono, anasikiliza.

Mkaguzi alimaliza kuuliza, akafunga daftari lake.

"Mama, utapewa onyo," alisema. "Likitokea tena, hutabaki hapa. Kuanzia leo taarifa utaipeleka wewe, wala si mtoto. Na ofisi italeta redio ya mkononi kwa ajili ya mlinzi, jambo ambalo sisi tulipaswa kulifanya zamani." Akamtazama Kipenga, aliyekuwa amesimama kando ya mzani. "Wewe ulisema uongo kwenye taarifa."

"Nilisema, bwana."

"Usirudie, hata kwa huruma. Ningekufukuza, halafu siku nyingine ng'ombe wangeingia tena, na nisingejua shida iko wapi. Rudi kazini."

Rubani alimsogelea Kikokotoo, akainama mpaka bandeji ikawa karibu. "Kukosea hesabu ya upepo si aibu. Hata mimi niliwahi kukosea. Hesabu iliyokosewa hurekebishwa, mradi mtu aseme imekosewa. Ukiificha, mwenzako ataruka nayo akidhani ni sahihi."

"Na umesikia," mama aliongeza, akimshika bega. "Ukweli ulikuwa mgumu Jumamosi, ukawa mgumu zaidi leo. Kila siku uliyongoja uliuongezea uzito, tena juu ya mgongo wa mtu mwingine. Siku nyingine useme palepale, hata ukitetemeka."

Kikokotoo alipanda juu ya mzani, akanyoosha mkono, akakitoa kipenga msumarini. Alikipeleka kwa mikono miwili. Kipenga alikivaa, akakirekebisha shingoni, akakohoa kidogo kabla ya kushukuru.

Jumamosi iliyofuata gurudumu jipya lilikuwa limefungwa, na ndege ilikwenda na kurudi kama zamani. Redio ya mkononi haikuwa imefika bado. Alasiri mama alipopata taarifa, alipanda baiskeli mwenyewe, na Kikokotoo alikimbia pembeni yake. Walipita uwanja wa shule. Jirani yake wa dawati aliita, naye alipunga mkono bila kupunguza mwendo.

Kule mwisho Kipenga aliwaona kwa mbali, akasimama ameshika mti wake.

"Injinia," alisema, macho yakicheka. "Hebu nipigie hesabu. Itafika baada ya muda gani?"

Kikokotoo alikuwa anahema. Aliitazama soksi ya upepo, iliyokuwa ikipanda na kushuka, akawatazama ng'ombe wa kwanza wanaokuja kutoka bwawani. Jibu lilikuwa limeanza kujipanga kichwani, akaliacha.

"Sijui, mjomba," alisema. "Ila imeruka."

Kipenga aliushusha mti, akaweka kipenga mdomoni.